YAH: MALALAMIKO KUHUSU BIMA YA MAZISHI YA MAREHEMU BABA YANGU MLIYOKATAA KULIPA

Ndugu Meneja wa Kitengo cha Madai,

Salaam. Namba ya bima mnayo, faili mnalo, jina la marehemu mnalijua, kwa hiyo sina haja ya kuanza upya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu bima hii mlituuzia kwa Kiswahili, sebuleni kwetu hapa Houston, na mkalimani wa Kiswahili mnaye, tulimsikia wenyewe kwenye simu siku ile nitakayoieleza.

Barua yenu ya Septemba nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Mnasema marehemu alijibu "hapana" kwenye swali la kutumia tumbaku au nikotini ndani ya miezi 12, kwa hiyo bima mmeifuta tangu mwanzo kana kwamba haikuwahi kuwepo, mkaambatanisha cheki ya dola 1,568, yaani zile dola 112 za kila mwezi alizolipa mzee kwa miezi 14. Zile dola 15,000 ambazo bima ilikuwa ilipe akifa, hamna. Hiyo cheki hatujaipeleka benki na hatutaipeleka, naomba mlielewe hilo kabla ya mengine yote, msije mkasema tumeipokea na tumeridhika.

Sasa hilo swali la sigara. Wakala wenu alikuja nyumbani Machi 2023, akakaribishwa, akala, mzee akampenda kwa sababu anaongea Kiswahili na anamwamkia shikamoo baba. Akamuuliza, baba unavuta sigara? Mzee akasema nilivuta miaka mingi sana, ila nimeacha mwezi wa kumi mwaka jana, kifua kilinisumbua. Tena akafungua kifungo cha shati akamwonyesha kibandiko cha nikotini cha kusaidia kuacha sigara, hapa begani, akamwambia daktari ndiye kanipa, nabadilisha kila asubuhi. Oktoba mpaka Machi ni miezi mitano. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza bima ya mazishi kwa wazee hashindwi kujua kwamba miezi 12 haijafika, na hashindwi kujua kwamba kibandiko chenyewe ni nikotini na kwenye fomu yenu kinahesabika sawa na sigara. Yeye akasema safi sana baba, hongera kwa kuacha, akabonyeza bonyeza tableti aliyokuwa ameishika mwenyewe, akamsogezea mzee aweke sahihi kwa kidole. Mzee hakusomewa lile swali, aliulizwa la wakala na akalijibu kwa ukweli mtupu mbele ya mkewe na mbele yangu.

Kwa nini wakala afanye hivyo tunajua, bei ya mvuta sigara kwa mzee wa miaka 71 kwa hizo 15,000 ingekuwa kama dola 155 kwa mwezi na labda aliogopa mzee atakataa. Mzee asingekataa! Tungelipa. Tuko watoto watatu hapa Marekani, tofauti ya dola 43 ingekuwa kitu gani? Na kama mlimwona ni hatari sana zipo bima ambazo haziulizi afya kabisa, mtu akifa ndani ya miaka miwili ya mwanzo familia inarudishiwa ada zake na asilimia 10 juu, akivuka hapo wanalipa zote. Angetuambia. Tungechagua tukijua tunachagua nini.

Halafu jamani, mkalimani alipoanza kuongea na mama siku ile mwili ulikuwa bado chumba cha baridi. Hili ndilo lililonifanya niandike, hela nitazieleza baadaye. Mtu wenu wa madai alipiga simu jioni, akasema ni maswali machache ya kawaida, mama akaweka simu mezani kwa sauti ya juu tusikie wote. Akauliza marehemu alikuwa anavuta ngapi kwa siku. Mama akasema ameacha. Akauliza tena. Mama akasema ameacha, kaacha zamani. Ndipo yule bwana akamwambia mama sema ukweli, ulikuwa unasikia harufu ya sigara kwa mumeo usiku au hukuisikia? Mjane. Hata wiki haijapita. Mnamuuliza mjane harufu ya mume wake kitandani.

Nitarudi hapo.

Nyumba ya mazishi nao walipiga kwenu kuthibitisha bima ili walipwe humo humo, ndiyo kawaida na ndiyo wakala alivyotuahidi, kwamba mkipata msiba mnatoa namba ya bima tu na mambo yanakwenda. Mkawajibu bima bado haijatimiza miaka miwili, kwa hiyo iko kwenye uchunguzi, hamthibitishi chochote. Basi wale wakataka pesa taslimu. Sisi ni Wachaga wa Rombo, mzee anazikwa kihambani kwake alikozikwa baba yake na babu yake, hilo wakala aliambiwa tangu siku ya kwanza na ndiyo sababu mzee alichukua 15,000, wengine wanachukua 5,000 kwa sababu hawasafirishi. Kuutengeneza mwili, jeneza, vibali, ndege mpaka uwanja wa Kilimanjaro, KIA, na gari kutoka pale mpaka nyumbani, yote karibu dola 12,000. Tukapitisha mchango kwenye magrupu ya Watanzania wa hapa, Mungu awabariki watu wale, kilichobaki kaka yangu akaweka kwenye kadi yake ya mkopo na mpaka leo anakatwa riba. Mzee ambaye alilipa bima kila mwezi bila kuchelewa hata mara moja ili asiwe mzigo kwa mtu, amezikwa kwa mchango.

Turudi kwenye faili lenu. Bima hii haikuwa na vipimo, hamkuchukua mkojo wala damu, lakini kabla ya kuitoa mliangalia kumbukumbu zake za dawa kwenye mtandao wa mafamasi, ruhusa ya kufanya hivyo mzee aliisaini na nakala ninayo. Vile vibandiko viliandikwa na daktari na vilichukuliwa famasi kwa jina lake, tangu Oktoba 2022. Kwa hiyo mwezi ule ule mnampa bima, jibu la nikotini lilikuwa mikononi mwenu. Hamkuuliza. Mkakata 112, mkakata tena, mkakata miezi 14 yote. Alipokufa ndipo mkaziona zile zile karatasi mkasema tumegundua. Mmegundua nini ambacho hamkuwa nacho?

Na nimeuliza watu wanaojua sheria ya Texas, msidhani tumekaa tu. Kampuni ikigundua maelezo si sahihi kwenye fomu ina siku 91 za kumjulisha mhusika kwamba haiitambui bima, siku hizo zinahesabiwa tangu ilipogundua. Kama mligundua 2023 kwenye kumbukumbu za dawa basi siku zenu ziliisha mzee akiwa hai, anapalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Pia mwaka 2023 huo huo Mahakama ya Juu ya Texas ilisema wazi kwamba kampuni ya bima ya maisha haiwezi kukwepa kulipa kwa sababu tu jibu halikuwa sahihi, lazima ithibitishe kwamba mtu alikusudia kudanganya. Mtu anayefungua shati akamwonyesha wakala kibandiko, huyo alikusudia kumdanganya nani?

Cheti cha kifo mnacho pia, tulikituma na madai. Mzee alikufa kwa maambukizi kwenye damu baada ya upasuaji wa nyongo, Mei 2024. Kwenye cheti kuna sehemu daktari anaulizwa kama tumbaku imechangia kifo, na majibu yapo, ndiyo, huenda, hapana, haijulikani. Daktari ameweka alama kwenye hapana. Barua yenu ya kurasa tatu haikugusa hiyo alama hata kwa neno moja. Na siku anakufa alikuwa na mwaka na miezi saba hajagusa sigara, kwa hiyo hata kwa kipimo chenu wenyewe cha miezi 12 alikuwa si mvuta sigara kwa muda mrefu tu. Kuacha sigara baada ya miaka zaidi ya 40 si mchezo, tulimwona anatetemeka mikono, anatafuna karafuu, anatembea usiku ukumbini hana usingizi, akashinda. Ndiyo kitu alichojivunia kuliko vyote mwisho wa maisha yake, nyinyi mmekiandika kwenye barua kama uongo wake.

Ile simu. Nataka muisikie vizuri kwa sababu mnarekodi, tuliambiwa mwanzoni kwamba simu inarekodiwa, basi itafuteni mkaisikilize mkiwa mmekaa. Mama alikuwa kwenye kochi, amejifunga kanga, shangazi yuko pembeni amemshika mkono. Yule bwana akauliza ngapi kwa siku, mama akajibu ameacha, akauliza tena kwa namna nyingine, basi alipokuwa anavuta ilikuwa ngapi, mama kwa unyoofu wake akasema zamani alikuwa anamaliza pakiti. Tukasikia anachapa kwenye kompyuta. Mama akasema lakini ameacha baba, ameacha. Hapo ndipo likaja la harufu. Na mkalimani wenu mwenyewe alisita, alinyamaza, akamwomba yule bwana arudie ili ahakikishe amesikia sawasawa, na bwana akarudia, neno kwa neno, hakupunguza. Mkalimani akaanza kwa kusema mama samahani, naambiwa nikuulize. Mama hakujibu. Alinyanyuka akaenda chumbani, akarudi na koti la mzee lile la kanisani, akalileta mpaka kwenye simu akawa analinusa pale mbele yetu, kola, mikono, mifuko, analia anasema halina, njooni mnuse, halina. Anaiambia simu. Na mtu wenu akasema kwa hiyo niandike jibu ni hapana? Nikakata simu mimi.

Mama yangu ana miaka 68. Tangu siku ile akiona namba asiyoijua anatoka chumbani.

Mnachotakiwa kufanya ni hiki. Mlipe dola 15,000 zote kwa mama kama mrithi aliyetajwa. Mwanzoni, nilipowapigia Septemba baada ya barua, nilisema hata mkipiga hesabu ya bei ya mvuta sigara, kwamba dola 112 ingemnunulia kiasi gani kwa bei ile, inatoka kama 10,800 hivi, mtupe hiyo tuyamalize kwa amani. Mkaniambia nitapigiwa, sikupigiwa. Hilo nimeliondoa, halipo tena mezani, sasa ni 15,000 kamili. Na riba, kwa sababu sheria ya hapa inasema kampuni ikichelewesha madai inayotakiwa kulipa inaongeza asilimia 18 kwa mwaka na ada ya wakili juu, kwa 15,000 hiyo ni dola 2,700 kwa mwaka na inaendelea kuhesabika wakati mnasoma hapa. Nataka rekodi ya ile simu, nakala ya fomu kama ilivyojazwa kwenye tableti pamoja na saa ilipojazwa, na majibu ya kumbukumbu za dawa mliyopata Machi 2023 na tarehe mliyoyapata. Nataka barua ya kumwomba radhi mama yangu, kwa jina lake, imesainiwa na mtu mwenye cheo, iseme wazi kwamba marehemu hakudanganya. Hiyo barua ni muhimu kwetu sawa na hela, mkituma hela bila barua hatujamaliza.

Na wakala wenu bado anazunguka. Wiki iliyopita alikuwa kwa familia nyingine tunayoifahamu, wana bibi wa miaka 74 ambaye ameacha ugoro juzi juzi tu, na alishafungua tableti. Nimewaambia wasisaini. Nitawaambia na wengine, kanisani, kwenye grupu la Houston, la Dallas, kila kwenye msiba nitakaohudhuria, na nitawaonyesha barua yenu ya kurasa tatu ili wajisomee wenyewe.

Mna siku 15 tangu mnapopokea barua hii, nimeituma kwa posta ya kusainiwa kwa hiyo tarehe nitaiona. Siku ya 16 malalamiko yanaingia Idara ya Bima ya Texas kule Austin, yameshajazwa, yanasubiri kubonyezwa tu, na siku hiyo hiyo wakili anapokea faili zima. Mkifika kwa wakili sitakubali tena 15,000 na riba peke yake, kaka yangu atadai riba ya kadi yake yote, na yule bwana wa madai atakuja kuulizwa mbele ya hakimu lile swali alilomuuliza mama yangu, alirudie vile vile, neno kwa neno.

Ni mimi,
Binti wa marehemu, kwa niaba ya mama yangu
Houston, Texas
Novemba 2024