Cheti cha kuchomelea hakihami kwa sababu tu chuma "kinalingana"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalopita kimyakimya kwenye kazi za vyuma hapa Kigoma. Mchoro unataka S355, jina la chuma kwa standadi ya Ulaya, stoo kuna Q355 ya China, mtu anapiga simu Dar es Salaam anaambiwa "vinalingana", na utaratibu wa kuchomelea uliojaribiwa kwenye chuma cha tatu unabandikwa ukutani. Kazi inaanza. Mara nyingine ni halali kabisa, mara nyingine si halali hata kidogo, na tofauti inaonekana kwenye karatasi kabla rodi ya kwanza haijawashwa.

Kwa ISO 15614-1, standadi ya kimataifa ya kujaribu utaratibu wa kuchomelea, chuma cha kawaida cha majengo kiko kundi la 1. Kundi dogo la 1.1 linaishia megapaskali 275, na 1.2 linaanzia hapo hadi 360. Namba hizo ni mkazo ambao chuma kikiupita kinavutika na hakirudi tena; ndizo pia zilizo kwenye majina kama S355 na Q235. Jaribio lililofaulu linabeba vyuma vya kundi hilo vyenye nguvu sawa au pungufu. Aliyejaribu kwenye S355 anaweza kuchomelea S275, S235 na Q235. Aliyejaribu kwenye Q235 au S275 hana ruhusa ya kupanda kwenda S355, hata kama cheti cha kiwanda kinaonyesha bamba lake la S275 lilipimwa likatoa 380. Kinachohesabika ni kiwango cha chini kinachodaiwa na standadi ya chuma hicho, si bahati ya bamba moja.

Hapo kuna mtego mdogo. A572 Grade 50 ya Marekani inadaiwa 345, S355 inadaiwa 355 kwa unene usiozidi milimita 16. Watu huziita zote "hamsini" (kama paundi elfu 50 kwa inchi ya mraba) na kuzichanganya. Ukifuata ISO neno kwa neno, jaribio la A572 limepungukiwa na megapaskali 10. Na anayefuata AWS D1.1, kanuni ya Marekani ya kuchomelea vyuma vya majengo, asichanganye: ile ina orodha na makundi yake yenyewe.

Q355 na S355 zinakaribiana sana kwa nguvu, lakini tazama herufi za mwisho. Q355B inapigwa kipimo cha mshtuko (kuona kama chuma kinavunjika kikigongwa ghafla) kwenye nyuzi 20. S355J2 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kigoma hatuna barafu, na ninashuku michoro mingi imenakili J2 kutoka nchi za baridi bila kufikiri. Hata hivyo mwenye haki ya kuilegeza ni mhandisi aliyebuni, tena kwa maandishi. Fundi hana mamlaka hayo, wala muuza chuma.

Kinachopasua weldi zaidi ni kaboni. Chukua cheti cha kiwanda upige hesabu ya asilimia zake: kaboni, jumlisha manganizi gawanya kwa 6, jumlisha kromi, molibdenamu na vanadi gawanya kwa 5, jumlisha nikeli na shaba gawanya kwa 15. Bamba lenye kaboni 0.18 na manganizi 1.45, pamoja na 0.018 kutoka kwa hivyo vingine baada ya kugawanywa, linafika 0.44. Jirani yake lenye kaboni 0.12, manganizi 1.40 na vingine vilevile linaishia 0.37. Yote mawili ni S355 na utaratibu mmoja unayabeba, ila lile la kwanza likiwa nene linadai kupashwa moto kabla, la pili pengine halidai. Anayesoma jina la chuma peke yake hawezi kuliona hilo.

Unene nao una mipaka: jaribio la pasi nyingi (weldi ya tabaka kadhaa) kwenye bamba la milimita 20 linabeba 10 hadi 40. Sahani ya chini ya nguzo yenye milimita 50 iko nje.

Kuhusu rodi za E7018, aina ya haidrojeni kidogo, unyevu wa ziwa na mvua za Novemba hadi Aprili si mzaha. Zilizovuta unyevu wa hewa ziokwe kwenye joto la nyuzi 260 hadi 430 kwa saa mbili, kisha zikae kwenye oveni isiyoshuka chini ya 120. Unyevu unaingiza haidrojeni, na ufa wake hujitokeza pembeni mwa weldi hata siku mbili baadaye, wakati mkaguzi aliyekuja jioni ileile ameshasaini.

Mwisho, namba ya tanuri, yaani ile inayolifunga bamba na cheti chake cha kiwanda. Bamba likikatwa vipande viwili, namba hubaki kwenye kipande kimoja, na kile kingine kinakuwa chuma kisicho na ukoo. Fundi aiandike kwenye kila kipande kwa rangi kabla ya kuwasha mkasi wa gesi. Na wanaoandaa zabuni waagize jaribio lifanyike kwenye chuma chenye nguvu kubwa kuliko vyote vilivyo kwenye mchoro. Bamba moja la majaribio linaweza kutosha badala ya matatu, mradi unene nao uko ndani ya mipaka.

Mkaguzi wa uchomeleaji,
Mwanga, Kigoma