Watoto na fidla: saa nzima ya mazoezi si dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa hapa Unguja wenye watoto wanaojifunza fidla, iwe Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA) kilichoanza 2002, au kwa wapigaji wa vikundi vyetu vya taarabu. Watoto wengi huachia njiani, na aghalabu si kwa kukosa kipaji. Kinachowashinda ni zile siku sita za nyumbani baina ya somo na somo.

Mzazi humwambia mtoto, "Kachukue fidla upige saa nzima." Mtoto huanza wimbo mwanzo, akifika panapomshinda hukosea, hurudi mwanzo, hukosea palepale. Saa ikiisha, sehemu anayoijua ameirudia mara chungu nzima, na ile inayomshinda vidole vimeshaizoea na kosa lake. Vidole hukariri kinachorudiwa, kiwe sawa au kiwe kombo.

Mtoto wa miaka 6 au 7 zinamtosha dakika 10 hadi 15. Wa miaka 10, dakika 20. Wa miaka 13 anaweza 40, lakini zigawanywe mara mbili. Dakika 15 za kila siku zinamfaa kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi peke yake. Ziungeni na jambo ambalo tayari lipo: anayesoma mkondo wa asubuhi apige akishakula cha mchana, kabla ya kwenda chuo cha Kurani, wa mkondo wa mchana apige baada ya chai ya asubuhi.

Mwombeni mwalimu aandike daftarini kipande kimoja cha wiki hiyo na kasi yake. Kipande kiwe kifupi, noti nne au tano, palepale mtoto anapokwama. Wekeni komwe tano upande mmoja wa meza. Akikipiga sawa, komwe moja inavuka. Akikosea, zote zinarudi. Zikirudi mara tatu, kosa si la mtoto: kasi ni kubwa au kipande ni kirefu. Kikateni nusu, au mteremshe metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo ya kasi, kutoka mapigo 80 hadi 60 kwa dakika. Komwe zikishavuka zote, apige wimbo anaoupenda mpaka mwisho bila kukatizwa, kisha afunge. Mzazi asiyejua noti hata moja anaweza kuisimamia kazi hii. Asichofanya ni kupaza sauti kutoka jikoni, "Umekosea!" Amwulize mtoto mwenyewe, "Wapi pamekuwa pagumu?" Hapo anajifunza kujisikiliza.

Chombo nacho kina lake. Wazazi hununua fidla kubwa kwa hesabu ya sare ya shule, kwamba atakua nayo. Mpimeni: anyooshe mkono wa kushoto chini ya fidla, vidole viweze kukizunguka kile kichwa kilichojikunja huku kiwiko bado kimekunjika kidogo. Kiwiko kikinyooka kabisa, hiyo ni kubwa. Ataishika kwa kubana bega, na maumivu ndiyo yatakayomkimbiza.

Masika unyevu huvimbisha vigingi vya kukazia nyuzi vikagoma kuzunguka. Kaskazi vikikauka huteleza na nyuzi zikalegea. Kigingi kinachoteleza kizungusheni huku mkikisukuma ndani. Programu ya simu itawasaidia kutyuni nyuzi nne zikiwa wazi, G, D, A na E, mkizingatia A iwe hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Baada ya hapo simu iwekwe kando. Wimbo wa maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) ya Rasti au Bayati una sauti zilizo baina ya noti mbili za kinanda, na simu itamwambia mtoto kakosea pale alipopatia hasa. Kwa sauti hizo asikilize wapigaji, auimbe wimbo kwa mdomo, ndipo aushike upinde.

Upinde ulegezwe kila baada ya mazoezi, na nywele zake zisishikwe kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huzifanya ziteleze juu ya nyuzi na sauti ikakosa nguvu.

Zipo nyumba zinazoweka muziki kando Ramadhani nzima. Fidla ihifadhiwe ndani ya boksi lake, mbali na dirisha na jua. Nyuzi zilegezwe kidogo tu, zisiachiwe zote kabisa, maana daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, na kile kijiti cha ndani husimama kwa mkandamizo wa nyuzi hizo. Vikianguka, itabidi fundi. Mtoto akirudi baada ya Idi, aanze na dakika 10 na nyimbo za zamani, vidole vya kushoto vipate sugu upya kabla ya kipande kipya.

Mwalimu wa fidla,
Unguja