Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam alaykum na habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha nakshi za mbao mnazijua. Mafunzo ya wanaoanza yamefanyika mara nne hapa karakanani, tumekuwa na meza yetu kwenye maonyesho ya Mkomani, na msumeno wa nakshi wa pili, yaani mashine ya kukatia nakshi kwa wembe mwembamba, umepatikana, wenye kina cha inchi 16 toka wembe hadi nguzo ya nyuma na kasi ya kurekebishwa. Bei ya mashine hiyo ilishuka baada ya Mwenyekiti kumfuata muuzaji kwa miezi miwili, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. Mapato ya mwaka ni shilingi 214,300, matumizi 187,650, baki 26,650. Mhazini ana mchanganuo kwa atakayeutaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana nje ya mikutano na kidogo sana ndani yake: kuuzwa kwa mbao 14 za mvule na kununuliwa kwa plaiwudi.

Mtakumbuka kwamba oda yetu kubwa ya kipupwe ilikuwa taa 60 za mezani kwa nyumba ya wageni huko bara, kwenye baridi ya kweli, si hii yetu ya kujifunika leso. Tulizitengeneza kwa mvule wa milimita 6. Taa 22 zilirudishwa kabla ya Julai kwisha, nyingi zimepasuka toka juu hadi chini. Wapo waliosema ni gundi, wapo waliosema ni wasafirishaji. Kamati ilizikagua moja moja. Gundi ilikuwa imeshika barabara. Ni mbao zenyewe zilizoachana.

Sababu ni hewa. Hapa kwetu, penye unyevu wa asilimia 75 hewani, mbao iliyotulia hubaki na karibu asilimia 14 ya maji ndani yake. Ukiipeleka kwenye chumba kinachowashwa moto wa kuni kila usiku, hewa inakauka na mbao inashuka hadi asilimia 7 au 8. Ubao wa mvule wenye upana wa sentimita 20 hupungua hapo milimita moja hadi mbili. Hupungua kwa upana tu, kwa urefu haupungui. Sisi tulikuwa tumeubana kwa gundi juu na chini kwenye vitako ambavyo nyuzi zake zilielekea upande mwingine. Usipopata pa kwendea, utapasuka, na utapasuka pale palipotobolewa nakshi.

Nakshi yenyewe ni sababu ya pili. Kila daraja (ukanda unaobaki kati ya matundu ya nakshi) la milimita 3 linalokatwa kuvuka nyuzi huwa limeshikwa na nyuzi fupi tu, na fundi huweza kulivunja kwa msasa kabla taa haijamfikia mteja. Plaiwudi ina matabaka yaliyopishana nyuzi, kwa hivyo daraja lina nguvu kila upande na ubao hauchezi. Sababu ya tatu wanaijua walioketi kwenye mashine: mvule mara nyingi huficha vijiwe vya chokaa ndani yake, na wembe mmoja wa msumeno ukikutana na kijiwe umekwisha. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kifua. Wanachama wawili walilazimika kuacha kazi kwa siku kadhaa, na barakoa za kitambaa hazikuwasaidia.

Nimeambiwa tumeidharau milango ya Mji wa Kale. Hakuna anayeiheshimu kuliko mimi. Lakini mlango ule ni mnene, umechongwa kwa patasi, na umekaa miaka yote katika hewa hii hii ya bahari. Kipande cha milimita 6 kinachosafiri kwenda kwenye baridi ni kazi nyingine kabisa. Mvule tuliouuza uliletwa na wazee wetu kwa moyo mwema. Umekwenda kwa fundi wa vitanda kwa shilingi 19,500, na huko utadumu.

Kuhusu fedha: katiba inairuhusu kamati kutumia hadi shilingi 30,000 bila kuitisha mkutano. Plaiwudi iligharimu 28,700. Nyembe za 6,400 zilinunuliwa wiki tatu baadaye kwa sababu ziliisha, si kwa sababu tuligawanya bili, kama alivyodai mtu ambaye hakuwahi kuja kuuliza. Risiti zote mbili ziko kwenye faili.

Plaiwudi si kila plaiwudi. Ile ya rahisi ya milimita 6 huwa na tabaka tatu na mapengo katikati. Wembe ukipita penye pengo, daraja linadondoka. Tulichukua ya tabaka tano isiyo na mapengo. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4, ikipangwa vizuri, inatoa taa 34: pande mbili za sentimita 10 kwa 18, na mbili za 8.8 kwa 18 zinazoingia katikati yake. Ihifadhiwe ikiwa imelazwa na kuwekewa uzito. Ukiiegemeza ukutani wakati wa masika, itapinda ndani ya wiki moja. Nakubali pia kwamba gundi iliyo ndani yake hula meno ya wembe, na ukingo wenye matabaka haupendezi usipopakwa rangi ya kahawia.

Taa 22 tulizozirudia kwa plaiwudi zimekwenda, na hadi leo hakuna hata moja iliyorudi. Zilikatwa hivi, na naomba utaratibu huu ufuatwe. Pande mbili hubandikwa pamoja kwa utepe wa pande mbili kwenye pembe. Mchoro hugandishwa juu, kisha hufunikwa kwa utepe wa plastiki wa kufungia maboksi, ambao huulainishia wembe njia na kuzuia mbao isiungue. Tundu la kuingizia wembe litobolewe kwa biti ya milimita 1.5 juu ya kipande cha mbao chakavu, la sivyo upande wa chini utachanika. Wembe ni wa ukubwa namba 3, usio na pini za kushikia kwenye ncha, wenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuelekea juu. Nakshi za ndani hukatwa kwanza, ukingo wa nje mwisho. Anayeanza na ukingo anakosa pa kushika. Kwenye neno KARIBU, herufi A, R na B lazima ziachiwe daraja, maana bila daraja tumbo la herufi linaanguka sakafuni. Ndani bandika karatasi nyembamba ya kuchorea ramani, na mwanga uwe wa taa ndogo ya betri. Mshumaa ndani ya kisanduku cha plaiwudi hatutauruhusu tena, hata mteja akisisitiza.

Nyembe dazeni 12 zilinunuliwa mwaka huu, zimebaki dazeni tatu. Nyingi hazikuzeeka, zilivunjwa. Wembe ukigongwa kwa kidole utoe mlio wa juu ulio safi. Ukilia kwa uzito umelegea, utapinda kwenye kona na kukatika. Na msisukume mbao kutoka ubavuni. Wembe huvuta kidogo kulia kutokana na ukali uliobaki upande mmoja kiwandani, kwa hivyo geuza mbao kidogo uufuate. Zihifadhiwe kwenye kopo lenye mafuta, chumvi ya hewani haina huruma. Na vitambaa vya mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke. Vikikunjwa kwenye ndoo huweza kuwaka vyenyewe, na mwezi Mei nilikuta vitatu vimekunjwa.

Nasikitika kuhusu mahudhurio. Tuko 41 kwenye daftari, na mikutano ya mwezi huja wastani wa watu tisa, wengi wao wale wale. Mkutano wa Machi, uliozungumzia mbao hizi hizi, ulikuwa na watu saba. Waliopinga uamuzi kwa sauti kubwa hawakuwamo. Ada ya 1,200 imelipwa na wanachama 23. Kumi na wanane wanadaiwa jumla ya shilingi 21,600, na baadhi yao wanatumia mashine kila Jumamosi. Sitataja majina hapa, lakini orodha itabandikwa mlangoni.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata feni ya kuvuta vumbi, kuongeza visahani vya vikombe vya mwembe na taa zenye umbo la dele la kahawa, na pengine kupata wateja wa Limuru na Nyahururu kabla ya Juni. Oda zikija mapema, kazi ianze Machi kabla ya mvua, maana vanishi haikauki vizuri masika.

Mhazini atakaa mezani hadi saa saba mchana kupokea ada.

Mwenyekiti