Kabla hamjaitawanya ile sumu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi sote ni wazima. Naomba uniwie radhi kwa ukimya wa miezi yote hii. Nilikuwa na nia ya kukuandikia barua ndefu ya habari za kawaida, lakini ujumbe wako wa juzi umenifanya niziweke kando zote. Umesema kwamba panya wamewaingilia, kwamba shemeji ameshanunua sumu ya vidonge vya buluu, na kwamba mnakusudia kuitawanya chini ya makabati ya jikoni mwishoni mwa wiki hii. Nakusihi msifanye hivyo kabla hujaisoma barua hii yote.

Yaliyonipata mimi mwaka jana hujayasikia, kwa kuwa sikumsimulia mtu isipokuwa mjomba. Nami niliweka sumu ya namna hiyo hiyo, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba panya akiila hukauka bila kutoa harufu. Si kweli. Sumu nyingi za aina hiyo huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi papo hapo, bali huendelea na shughuli zake kwa siku kadhaa mpaka anapolegea na kutafuta pa kujificha. Wa kwangu alijificha ndani ya ukuta wa chumba cha watoto, nasi tukakaa na uvundo kwa wiki mbili, mpaka fundi alipotoboa ubao na kumtoa.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonivunja moyo ni kwamba asubuhi moja nilimkuta kitinda mimba wetu ameketi sakafuni sebuleni, ameshika kidonge cha buluu kilichotafunwa pembeni. Sumu nilikuwa nimeiweka jikoni, nyuma ya jiko. Panya ndiye aliyeibeba hadi huko, maana kuhamisha chakula ndiyo tabia yake. Hatukujua kama mtoto alikuwa amekitia kinywani. Daktari alimpima damu, akatueleza kwamba dalili za sumu hiyo huweza kuchelewa kwa siku kadhaa na kwamba tiba yake ni vitamini K, kisha akatutaka turudi apimwe tena. Namshukuru Mungu alikutwa salama, lakini siku zile za kungoja siwezi kuzisahau. Mwanao naye ameanza kutambaa. Na paka wenu je, akimla panya aliyelishwa sumu? Sumu hiyo huuma na kupuliza kama panya mwenyewe.

Sasa nikueleze kilichotusaidia. Sikuwa nimejiuliza panya wanapita wapi, na hilo ndilo swali lililostahili kutangulia mengine yote. Fundi wetu alichukua penseli ya kawaida, akapiga magoti mbele ya sinki, akaiingiza penseli katika mwanya ulioachwa pale bomba linapopenya ukutani. Iliingia yote. Akaniambia kwamba panya mdogo wa nyumbani hupita penye upenyo wa milimita 6 tu. Nilipomulika tochi niliona ukingo wa lile tundu umepakaa utandu mweusi wenye mafuta, alama ya miili iliyokuwa ikijisugua hapo kila usiku. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa habari ya panya maneno yao ni ya kuchukuliwa kama yalivyo. Jike hubeba mimba kwa wiki 3 hivi, huzaa watoto 5 au 6 na mara nyingine zaidi, na watoto hao wanaweza kuzaa wenyewe wakiwa na umri wa wiki 6 hivi. Ukiua bila kuziba, unawaachia nafasi walio nje.

Kwa hiyo, rafiki yangu, zungukeni nyumba mchana kweupe mkiwa na penseli. Angalieni mahali pote ambapo bomba, waya au kiyoyozi kimepenya ukuta, chini ya mlango wa gereji, kwenye matundu ya hewa na pale paa linapokutana na ukuta. Msitegemee lile povu la kujazia nyufa peke yake, kwa sababu meno ya panya hayaachi kukua na povu hulitafuna kwa usiku mmoja. Shindilieni kwanza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kisha mfunike kwa saruji au silikoni. Matundu ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye macho madogo, na chini ya milango upigwe mpira. Majani na kuni vinavyoegemea ukuta viondolewe.

Waliobaki ndani wawindeni kwa mitego ya kubana. Panya huambaa ukutani, kwa hiyo mtego uelekezwe ukutani kwa upande wake wenye chambo, usiuweke katikati ya chumba. Chambo kiwe kidogo sana. Karanga iliyosagwa, kiasi cha punje moja, inatosha, kwani kikizidi huila pembeni bila kuugusa ulimi wa mtego. Tegeni mingi kwa usiku mmoja, mita 2 hivi kati ya mmoja na mwingine, mahali mtoto na paka wasipofika. Mitego ya gundi siipendi, kwani humtesa mnyama kwa saa nyingi, na sioni sababu ya kumtesa. Vile vifaa vya kutoa sauti ya kufukuza panya, sisi tulinunua viwili na panya wakapita mbele yake.

Jambo jingine, na hili ni la afya: vinyesi msivifagie vikiwa vikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba maradhi. Vaeni glavu, lowesheni kwa maji yenye klorini, sehemu 1 ya klorini kwa 9 za maji, ngojeni dakika 5, ndipo mfute kwa karatasi. Nafaka na chakula cha paka vihamishieni kwenye vyombo vya bati au kioo vyenye vifuniko.

Nalirudia lile tundu la chini ya sinki, kwa kuwa nyumba zetu zilijengwa kwa ramani moja na nina hakika lenu liko pale pale. Je, umewahi kutazama nyuma ya ndoo mnazoweka hapo? Vinyesi unaviona jikoni tu, au hata gerejini? Hizo kelele za usiku zinatoka darini au ukutani? Mmekagua nyaya za jokofu, wasije wakawa wamezitafuna? Shemeji atakubali kuirudisha ile sumu dukani, au niongee naye mwenyewe? Na ukitaka fundi aje Jumamosi, nimwambie afike saa ngapi? Penseli na tochi nitamkabidhi mimi. Ninyi tayarisheni tu nyuzi za chuma.

Nangoja jibu lako kabla ya Ijumaa.

Wako,
mwenzako wa dawati moja