Mwenye gari na azifungue plagi zake mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nimjibu mwenzetu aliyeandika kwamba mwenye gari asiyesomea ufundi asishike spana, na kwamba kazi yake iishie kujaza petroli na kuangalia upepo wa matairi. Kwa habari ya breki na usukani ninakubaliana naye kabisa. Kwa habari ya plagi, vile vifaa vidogo vinavyorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, na nyaya zake sikubaliani naye, na sababu zangu nilizipata barabarani.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Busia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda Kampala, safari ya takriban kilomita 200, kwa Toyota Corona ya petroli. Ni gari la zamani lenye distribyuta, kifaa cha kugawa moto, yaani umeme wa cheche, hivyo moto wa kila silinda hupita katika waya wake. Msimu mmoja wa mvua lilianza kumisi, yaani kukosa moto mara kwa mara. Likipanda kilima lilitetemeka, petroli iliisha upesi kuliko kawaida, na ekzosi ikawa inanuka petroli mbichi. Nililipeleka gereji, nikalipia plagi nne pamoja na kazi, nami nikaambiwa, "Mzee, sasa nenda popote." Siku ya tatu lilizimika ndani ya msitu wa Mabira, kabla sijafika Najjembe, mvua ikinyesha, usiku umeingia, nami nikiwa na fedha za watu mfukoni.

Dereva wa lori aliyesimama kunisaidia hakugusa kitu chochote. Alisubiri mvua ipungue, akaniambia nifungue boneti, nizime tochi, kisha nijaribu kuwasha injini. Iliwaka kwa shida, na katika giza lile nikaona cheche za buluu zikiruka kutoka kwenye waya wa silinda ya tatu hadi kwenye chuma cha injini, zikilia ta-ta-ta. Moto uliopaswa kufika kwenye plagi ulikuwa unamwagika njiani. Koili huupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi volti 20,000 na zaidi, na umeme wa nguvu hiyo hupenya kwenye ufa mdogo ambao jicho halioni mchana, hasa ufa huo ukiwa na unyevu. Ndiyo maana gari lenye nyaya zilizochoka huenda vizuri kiangazi na kusumbua masika.

Nilipofika nyumbani niliazima spana ya plagi nikafungua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Plagi tatu zilikuwa mpya. Ya nne ilikuwa ileile ya zamani, nyeusi, ncha yake ya katikati imelika na kuwa ya mviringo. Nilikuwa nimelipia nne. Sitaji gereji hiyo, kwa kuwa sikusudii kugombana na mtu; nasema tu kwamba kama ningaliomba nikabidhiwe plagi za zamani mkononi, ningaligundua siku ileile.

Kazi yenyewe haizidi saa moja, ila inataka utulivu. Injini sharti iwe imepoa kabisa, kwa sababu silinda hedi za alumini, yaani vichwa vya injini ambamo plagi hukazwa, zikiwa na joto nyuzi zake za skrubu huharibika kwa urahisi wakati wa kufungua. Usichomoe nyaya zote kwa pamoja. Chomoa mmoja, maliza silinda hiyo, rudisha waya, ndipo uende kwenye nyingine, maana ukichanganya mpangilio wa moto, ambao katika injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, gari litapiga mafataki au lisiwake kabisa. Shika kofia ya mpira, izungushe kidogo kushoto na kulia, kisha ivute yenyewe. Anayevuta waya hukata uzi wa kaboni uliomo ndani, na kwa nje waya utaendelea kuonekana mzima. Kabla ya kulegeza plagi, puliza vumbi lililojaa kwenye tundu lake. Sisi tunaopita barabara za marram tunajua vumbi hilo ni jingi kiasi gani, na likidondoka ndani ya silinda linakwaruza. Mimi hutumia pampu ya baiskeli.

Kurudisha plagi ndiko kunakoharibu injini za watu. Mimi huchomeka kichwa cha plagi katika kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa vidole tu. Ikianza kuingia upande, mpira huteleza na plagi husimama, hivyo nyuzi hazifi. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa, ile pete bapa ya chuma, huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana, basi. Zile zisizo na washa, zenye shingo ya mteremko, hukazwa kidogo mno, kama sehemu ya kumi na sita ya mzunguko. Mwanya wa ncha upimwe kwa fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kufuatana na kitabu cha gari. Mara nyingi ni kati ya milimita 0.8 na 1.1.

Jambo ninalolithamini kuliko yote, hata kuliko fedha ninayookoa, ni kuisoma plagi iliyotoka. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu huonyesha silinda inayochoma vizuri. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi kuliko hewa, au ya moto dhaifu, na mara nyingine kisa chake ni chujio la hewa lililoziba tu. Weusi wenye mafuta ya kung'aa unaeleza kwamba oili inapenya kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Weupe wa chokaa unaonya kwamba silinda hiyo inapata joto kupita kiasi. Mwenye gari aliyeziona plagi zake nne, akazipanga mezani kwa mpangilio wa silinda, humwendea fundi akiwa na habari kamili, na fundi mwaminifu hufurahi kuipata.

Magari mengi ya sasa hayana nyaya hizi, kwa kuwa kila plagi ina koili yake juu, nayo ya dizeli hayatumii plagi za moto hata kidogo. Plagi za kawaida za nikeli huchoka kati ya kilomita 30,000 na 50,000, ilhali za iridiamu zinaweza kufika 100,000, kwa hiyo mwenye iridiamu asizifungue kila mara bila sababu. Na injini ikiwa inanguruma, mtu asishike waya wowote wa plagi kwa mkono mtupu.

Ndugu Mhariri, ninaomba gazeti lako litafute mafundi wenye moyo wa kufundisha, lichapishe picha za rangi za ncha za plagi, ile nzuri na zile mbaya, zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu. Kahawia ya afya na kahawia ya oili iliyoungua zinakaribiana sana, na maneno yangu hayatoshi kuzitenganisha kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua boneti.

Msomaji wenu,
Busia, Uganda