Uhandisi wa anga si mafunzo ya urubani

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu kuhusu kozi za vyuo vikuu zisizo na soko imenikera mno. Mwandishi wenu aliutia uhandisi wa anga katika orodha hiyo kwa hoja kwamba marubani wenyewe wanahangaika kutafuta kazi. Nani aliyemwambia kwamba kozi hii hufundisha urubani?

Mwanafunzi wa shahada hii husoma jinsi hewa inavyopita kwenye bawa, jinsi injini inavyosukuma, na jinsi kiunzi chepesi kinavyohimili mzigo mzito bila kuvunjika. Elimu hiyo haiishii kwenye ndege. Panga la mtambo wa upepo huchongwa kwa hesabu zilezile za bawa, na kule Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mitambo hiyo ni 365. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, wahandisi Wakenya walishiriki kuibuni. Jambo ambalo mwandishi angewaonya wazazi ni kwamba shahada peke yake haimruhusu mtu kutia saini kuwa ndege iko salama kuruka; hiyo ni leseni ya matengenezo, yenye mitihani yake na uzoefu wake wa kazi. Hilo hakuligusa.

Binti yangu alihitimu kozi hii, akaitwa kwenye usaili na kampuni moja inayonyunyizia mashamba dawa kwa droni. Swali la kwanza aliloulizwa ni amerusha ndege kwa saa ngapi. Alipoanza kueleza kwamba yeye anaweza kukokotoa droni ibebe dawa kiasi gani, na betri itadumu muda gani upepo wa kusi ukivuma, mwenyekiti wa jopo alimkatiza na kumwambia kwamba hawahitaji rubani asiye na leseni. Ndege zenyewe hazina rubani, Mhariri! Mtoto aliyekesha na hesabu kwa miaka mitano alitolewa nje kabla hajamaliza sentensi, na watu waliomtoa wamepata ujinga huo kutoka katika taarifa kama yenu.

Shuleni nako hali ni hiyohiyo. Sisi wa Malindi tuna Ngomeni, ambako roketi zilirushwa kutoka majukwaa ya baharini kati ya 1967 na 1988, ikiwemo ile iliyopeleka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Sijakutana bado na mtoto wa Kidato cha Nne hapa aliyesimuliwa hayo na mwalimu wake wa ushauri wa kozi. Huelekezwa kwenye udaktari na uanasheria, basi.

Ninaomba gazeti lako, mwezi mmoja kabla ya wanafunzi kuchagua kozi, litoe ukurasa mzima wenye masomo ya shahada hii mwaka kwa mwaka, na kando yake wahitimu kumi, kila mmoja akieleza Jumatatu iliyopita alifanya kazi gani tangu asubuhi hadi jioni. Herufi ziwe kubwa za kusomeka kwenye ubao wa matangazo wa shule, na atakayewahoji wahitimu hao awe mwandishi yuleyule.

Mzazi,
Malindi