RISALA YA KIKUNDI CHETU CHA MAZINGIRA UYOLE KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAZINGIRA DUNIANI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wetu, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mtendaji wa Kata, walimu na wanafunzi mliokuja na fagio zenu, wazee wa soko, mama lishe, wasukuma guta, bodaboda mliopaki pale nje na nyie wengine wote mliovumilia kibaridi hiki cha Juni, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemruka anisamehe bure. Ndaga fijo kwa kuja.

Mheshimiwa, risala nyingi huanza na historia ndefu ya kikundi, ila mwenyekiti wetu kanionya nisiwachoshe watu, kwahiyo kwa kifupi tu: sisi ni akina mama wa soko la hapa Uyole, jijini Mbeya, vijana wa maguta na walimu wawili watatu wastaafu. Kazi zetu ni tatu. Tunaokota na kununua chupa za plastiki, tunatengeneza mboji kwa taka za soko, na tunatengeneza mkaa mbadala kwa pumba za mpunga. Hatuna ofisi, tuna kibanda na turubai.

Sasa tukipita nyumba kwa nyumba kuna maneno tunayoyasikia kuliko yote. "Jamani na hali hii ilivyo, vyuma vimekaza, nani ana nafasi ya mazingira?" Wengine wanasema kwa upole, wengine wanafunga geti. Na hatuwalaumu, sababu hata sisi hali ni hiyohiyo, unga uleule, nauli ileile, ada za watoto zilezile. Ila tunaomba leo tuseme wazi mbele yako kwamba tumeliangalia hilo neno kwa miaka yote tuliyoshika taka kwa mikono na tumeona ni kinyume chake. Hela ikipungua mtaani taka hazipungui, zinabadilika sura tu, na anayeumia zaidi ni yuleyule ambaye hela imempungukia.

Chukua mafuta ya kula. Mtu akiwa na hela ananunua dumu la lita tano, dumu lile haliendi popote, litabeba maji, litabeba mafuta ya taa, likipasuka linakatwa linakuwa beseni la kuku. Hela ikikata anaanza kupima, mafuta ya jero, sukari ya mia tatu, sabuni ya unga ya kipakiti, karanga za mia mbili, na kila kipimo kina kifungashio chake kimefungwa fundo juu, na jioni hiyohiyo vyote viko mtaroni. Sisi tunaofagia mitaro tunajua mwezi mgumu bila hata kusikiliza taarifa ya habari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kwakweli ile ilifanya kazi, wanaokumbuka ile mifuko myeusi iliyokuwa inaning'inia kwenye miti na kuziba karavati kila mvua za Novemba watakubali. Lakini vile vifungashio laini vimebaki, 2021 ikabidi NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, waseme tena kwamba havikuwekwa viwe vya kubebea bidhaa, na mpaka leo vipo. Na ukienda kumbana mangi mwenye genge unamwonea tu, yeye anauza kile ambacho mteja anakimudu.

Kwenye chupa ndiyo kuna maajabu zaidi, naomba nikae hapo kidogo Mheshimiwa. Watu wanadhani bei ya chupa chakavu anapanga mnunuzi wa hapa anayekuja na kigari cha kirikuu. Hapana. Plastiki mpya inatokana na mafuta na gesi ya ardhini, kwahiyo mafuta ghafi yakishuka bei huko duniani plastiki mpya inakuwa rahisi, na mwenye kiwanda haoni sababu ya kuhangaika na chupa chafu iliyotoka Uyole ikaoshwa, ikasagwa na kusafirishwa njia nzima mpaka Dar. Mwaka 2020 kipindi cha korona mafuta yalianguka mpaka tarehe 20 Aprili bei ya Marekani ikaenda chini ya sifuri, yaani muuzaji anamlipa mnunuzi ili ayachukue, na waokota chupa nchi nyingi wakaona riziki yao inayeyuka. Na kumbuka kipindi hichohicho ndiyo watu wanapoteza kazi mahotelini, kwenye magari, na wengi kimbilio lao linakuwa ni kuokota. Yaani siku ambayo waokotaji wameongezeka ndiyo siku chupa haina bei. Tukiambiwa "soko litajipanga lenyewe" huwa tunatazamana tu.

Alafu angalia chupa ya soda ya kioo. Zunguka Uyole nzima Mheshimiwa, toka pale njia panda ya Tukuyu mpaka ndani sokoni, itakuwa kazi kuikuta chupa ya soda ya kioo nzima imelala mtaroni. Ukinywea dukani mangi anakutupia jicho mpaka umalize, ukitaka kuondoka nayo unaacha hela ya chupa. Hakuna semina iliyofanyika, hakuna bango, hakuna mgambo. Ni ile hela ndogo tu imekaa juu ya chupa, basi mtoto akiiokota anaikimbiza dukani. Pembeni yake soda ileile, ya kampuni ileile, iko kwenye chupa ya plastiki, haina hela juu yake, na hiyo ndiyo imejaa mitaro yote ya jiji ambalo tunajisifia kuliita Green City. Wajerumani tangu 2003 wanaweka hela ya kurudisha mpaka kwenye chupa za plastiki, mtu anazirudisha dukani kwenye mashine anapewa chake. Hapa wala hatuhitaji mashine, mangi na daftari lake wanatosha. Tunajua hili si la sheria ndogo za Jiji, ni la wizara na Bunge, ila wewe unakaa vikao ambavyo sisi hatukai, na wabunge unakutana nao. Ombi la kwanza ni hilo, lipandishe. Hela ikikaa juu ya chupa haitamtegemea mnunuzi wa Dar wala bei ya mafuta ghafi, itakuwepo hata mwaka mbaya, na hasa mwaka mbaya.

Kuhusu mboji, tunaomba ukimaliza kupanda mti utembee hatua chache mpaka nyuma ya turubai uone. Soko linatoa majani ya kabichi, viazi vilivyooza, mashina ya mikungu ya ndizi za Tukuyu, maparachichi yaliyopondeka, na vyote hivyo kwa kawaida vinapakiwa kwenye lori vinapelekwa dampo. Sehemu kubwa ya uzito wa taka hizo ni maji, kwahiyo Jiji linachoma dizeli, na dizeli tunaijua bei yake, kusafirisha maji ya kabichi kwenda kuyamwaga. Sisi tunaanza na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa chini, juu taka mbichi, juu samadi, udongo kidogo, tunanyunyiza maji, tunarudia mpaka lundo lifike kiunoni. Katikati tunachomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa unakikamata kiganjani, kikiwa cha moto kazi inaendelea, kikiwa kikavu na cha baridi unaongeza maji, kikitoka na harufu ya yai bovu ujue maji yamezidi, pindua lundo lote upya. Miezi hii ya Juni na Julai, kwa baridi la hapa kwetu, lundo linakuwa zito kupata moto, inabidi tulifunike kwa majani ya migomba kama mgonjwa wa malaria.

Adui yetu mkubwa si baridi, ni pampasi. Pampasi, vipande vya chupa na wembe. Mama mmoja wa kikundi akitia mkono kwenye taka mchanganyiko hajui anashika nini, na glavu zenyewe zinatoboka. Nyumba ikitenganisha ndoo mbili tu, mbichi huku na kavu huku, nusu ya kazi yetu imekwisha. Sasa watu wanatuuliza, nikitenganisha napata nini, mbona ada ya taka nalipa ileile na jirani yangu anayechanganya? Hatuna jibu la kumpa, na ni swali la haki kabisa. Hapo Mheshimiwa Baraza la Madiwani lina uwezo, sheria ndogo ya ada ya taka ni yenu. Nyumba inayotenganisha ipunguziwe ada, hata kidogo. Mtu ambaye hana hela ukimpunguzia jero kaelewa sera ya mazingira kuliko ukimpa kipeperushi.

Na mboji inatakiwa, tena sana. Wakulima wa viazi hawajasahau mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ya UREA ulipovuka laki, vita ya Ukraine ilipochanganyika na mengine, mpaka serikali ikaleta ruzuku msimu wa 2022/2023. Hatudanganyi watu kwamba mboji ni mbadala wa UREA. UREA ina asilimia 46 ya naitrojeni, kile kirutubisho cha mmea, na mboji yetu haifiki hata karibu. Kazi ya mboji ni kushika udongo, maji na ile mbolea uliyoinunua kwa taabu visiondoke na mvua ya kwanza, hasa kwenye haya mashamba yetu ya miteremkoni. Mkulima aliyeweka vyote viwili ndiye anarudi kwetu msimu unaofuata na salfeti tupu mkononi.

Jikoni nako ni hivyohivyo. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Tunaunga mkono. Ila ukiingia nyumba nyingi za hapa mtungi wa gesi upo, umefutwa vumbi, juu umewekewa kitambaa cha kudarizi, na mama anapikia mkaa nje. Mtungi alipata kwenye mkutano, hela ya kujaza ndiyo hakuna, sababu gesi unatoa elfu nyingi kwa mpigo na mkaa unapima kopo kwa kopo. Mkaa huo unatoka kwenye miti, na miti inayokatwa huko milima ya Uporoto na Kipengere ndiyo inatunza maji ya mito ya Chimala, Kimani na Mbarali yanayoshuka bonde la Usangu, yakaingia ardhioevu ya Ihefu, yakatoka kuwa mto Ruaha Mkuu. Mto huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hukauka karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu si mkaa peke yake, mashamba ya mpunga na mifereji vimo pia. Lakini maji hayo ndiyo yanaenda mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu na mwisho Bwawa la Julius Nyerere. Fundi wa kuchomelea aliyekaa kijiweni na mashine yake kipindi cha mgao wa umeme hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwahiyo sisi tumekwenda kwenye pumba. Ubaruku na Igurusi kuna mashine za kukoboa mpunga na pumba zimelundikana milima, zinachomwa ovyo moshi unaziba barabara. Tunazichoma kwenye pipa lenye bomba la moshi katikati, kwa hewa ya kubanwa, zikishakuwa nyeusi na kabla hazijawa jivu tunazimwagia maji, tunachanganya na uji wa muhogo, tunabana kwa mashine ya mkono, tunaanika. Mkaa huu una kasoro zake, tusifichane. Unaacha jivu jingi kuliko mkaa wa mti na hauwaki haraka, mama mwenye haraka ya chai ya asubuhi haupendi. Kwa maharage na makande ni wenyewe. Tatizo ni kuanika, masika tunakaa bure maana turubai halitoshi na mkaa ukinyeshewa unarudi kuwa tope.

Mheshimiwa, maombi mengine ni haya. Tunaomba eneo la wazi lenye paa, hata la mabati chakavu, karibu na soko, tuanikie na kutenganishia hapo badala ya kuhamahama kila mwenye kiwanja akirudi kujenga. Tunaomba mzabuni wa taka aandikiwe kwenye mkataba kwamba taka mbichi za soko anatushushia sisi, na yeye anaokoa dizeli ya safari ya dampo. Kwa shule za kata ambazo gesi bado haijazifikia, tunaomba zijaribu mkaa wetu kwa oda ya muhula mzima, sababu kwa oda ya muhula tunaweza kununua pumba nyingi kiangazi zikiwa bei chee.

Na mwisho ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa mwaka wa fedha 2024/2025, tunashukuru. Tatizo letu ni marejesho ya kila mwezi. Mboji inauzwa Oktoba na Novemba watu wanapoandaa mashamba, mkaa unauzwa kiangazi, Machi na Aprili hatuna kitu. Kikundi cha taka kikidaiwa rejesho Aprili kitauza guta. Tukipangiwa kulipa kwa msimu tutalipa, na guta liko pale nje, limepakwa rangi ya kijani juzi, tunaomba ulizindue kabla hujaondoka sababu dereva wake ana oda ya kubeba maganda ya viazi saa nane.

Naomba kuwasilisha.